Kijiji cha Ustadh wetu Mpalestina na majini wa Bahla

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Ibra, Oman, miaka ya tisini. Chumvi mtaionja, lakini mchuzi ni wa kweli.

Miaka ile niliamini, kwa roho safi kabisa, kwamba Palestina kuna kijiji kilichohamwa na watu wote kwa sababu ya majini wa Bahla.

Ndiyo. Bahla yetu hii ya vyungu na tende, inayosifika Oman nzima kwa majini.

Aliyenambia ni Seif, mtu wa Bahla, fundi mwenzangu gereji. Alisema majini wa kwao walitoka kwenda matembezini, wakakiona kijiji kina maji matamu, wakakitwaa. Mimi mchana nafungua injini, jioni nasoma skuli ya watu wazima, niko very serious, na bado nilimeza kama halwa.

Kijiji chenyewe ni cha mwalimu wetu wa historia, Ustadh Nabil. Alishatuambia darasani kwamba kwao kulibaki kutupu. Sababu hatukumuuliza. Ya nini, na Seif yupo?

Sasa Ustadh alikuwa mpangaji wa shangazi yangu, Bi Zuwena. Nikampelekea Shangazi habari moto moto. Akachoma ubani mpaka jirani akaja na ndoo ya maji.

Kisha akatoa hukumu: mtu anayefuatwa na majini wa namna hiyo atatumalizia Ibra. Ahame.

Tukumbushane, huyu Shangazi alitoka Unguja mwaka sitini na nne na nguo aliyovaa, na hadi leo hajaona ndizi ya Oman inayofaa kuitwa ndizi. Huyo ndiye anahamisha watu!

Na mke wa Ustadh na watoto walikuwa njiani kutoka Jordan. Chumba kishapakwa rangi. Akikikosa, hana pa kuwaweka.

Ijumaa baada ya Alasiri tukamwita. Kahawa, tende, chetezo kinafuka kama lori bovu. Shangazi akamweleza habari ya majini kwa adabu zake zote.

Ustadh akakitazama chetezo, halafu akanitazama mimi. Nilitamani niingie ndani ya birika.

Akasimulia taratibu. Mwaka arubaini na nane, yeye mdogo, mama yake anakanda unga, risasi zikaanza kutoka mlimani. Wakaondoka kwa miguu. Vita vilipokwisha walikatazwa kurudi. Nyumba zikabomolewa, juu yake ikapandwa misonobari. Mipungate tu, ile miiba ya uani, ndiyo inachipua mpaka leo palipokuwa na nyua zao.

Shangazi akauliza, "Mlango mlifunga?"

"Mama alifunga. Alidhani tutarudi wiki ile ile."

"Na mimi nilifunga," akasema Shangazi. Akakimwagia chetezo kikombe chake cha kahawa. "Haya, hao wanao wanapenda kula nini?"

Basi habari ya kuhama ikafa hapo hapo.

Wakuu, nilichojifunza: historia ya mtu muulize mwenyewe. Jini anapendwa kusingiziwa kwa sababu hakuna wa kumpeleka mahakamani. Nanyi mwageni hapa uvumi mliowahi kuumeza, najua siko peke yangu.

Maana mimi, pamoja na yote niliyoyasikia, wakati wa kukusanya vikombe bado nilimnong'oneza Shangazi: sasa wale majini walikuwa wangapi?

Akanambia, "Hapana majini, mwanangu. Walikuja watu na bunduki, wakawafukuza."