Elspet Cowie arudi kwenye sindano

Mvua imekatika Buckie, mji wa pwani ya Uskoti, jua la asubuhi linaingia dirishani. Elspet Cowie ameketi wima, uzi wa sufu ya kijani mapajani. Kiunoni amejifunga mkanda mpana wa ngozi, mbele una kijimto kigumu cha ngozi chenye matundu. Sindano ya kulia ameichomeka humo, imetulia kama msumari ukutani.

“Usinisemeshe, nageuza kisigino cha soksi,” anasema, bila kuinua macho.

Kisigino kikikaa, anavuta pumzi, anamega mkate wa siagi na kunywa chai iliyokwisha kupoa. Soksi hii ni ya mpiga ngoma wa bendi ya zumari ya mji, ya kuvaliwa pamoja na kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti.

Elspet, mwenye miaka sitini na moja, amefuma soksi hizi tangu usichana. Jozi moja ilimlipia umeme wa mwezi mzima. Kisha, majira ya baridi ya mwaka juzi, aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Plasta ilipotolewa, mkono ulikataa kushika sindano.

“Nilimwambia, mdogo wangu, weka mambo hayo kabatini,” anasema dada yake, Nan, muuza samaki. “Akaninunia wiki nzima. Samaki wangu akala, lakini salamu hakunipa.”

Aliyemrudisha kazini ni Fergus Pirie, kiongozi wa gwaride, yule atanguliaye mbele ya wapiga zumari na fimbo yake ndefu. Kiangazi cha mwaka jana, akiwa uwanjani kwenye michezo ya bendi, mbele ya waamuzi, soksi yake ya dukani iliporomoka hadi kifundoni.

“Mguu mmoja bwana harusi, mwingine kuku aliyenyonyolewa,” anakumbuka Fergus. “Wale wa bendi ya jirani wakapiga kelele, ‘Fergus, vuta soksi, mama yako anakuja!’ Mpaka leo nikienda kununua maziwa naulizwa habari za soksi.”

Akaenda kubisha kwa Elspet.

“Bi Elspet, nifumie.”

“Kwa mkono gani, mwanangu?”

“Hata kwa meno. Mimi dukani sirudi.”

Elspet alikubali. “Nilijua soksi hizi zikishuka uwanjani, hakuna atakayeniletea mguu wake tena. Ningekuwa nimekwisha.”

Ndipo alipoukumbuka mkanda huu wa ngozi, wa marehemu mama mkwe wake, ambaye alifuma njiani akienda kuuza samaki, kapu mgongoni. Ulikuwa umetundikwa jikoni, kazi yake kushikilia vibanio vya nguo. Alipouvaa, uzito wa sindano ukahamia kiunoni. Vidole vya kulia vikabaki na kazi ya kuzungusha uzi tu.

Alimpima Fergus mashavu ya miguu, moja baada ya jingine, maana hayalingani. Akaanza na pindo la juu lenye miraba myekundu, akateremka hadi katikati ya mguu. Siku hiyo Nan alikuwepo. Elspet akakunja pindo amwonyeshe urembo wake. Miraba haikuonekana. Zilitokeza nyuzi zinazoning'inia.

Pindo hilo hufumwa ndani-nje, kwa kuwa baadaye hukunjwa, upande wa ndani ukatokea nje. Kila mfumaji wa hapa anajua. Elspet alikuwa amekaa mbali na sindano muda mrefu, mkono ukasahau.

“Nan alicheka mpaka akakaa sakafuni,” anasema Elspet. “Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka naye. Halafu nikashika uzi nikafumua yote, na michezo mingine ya bendi imeshakaribia.”

Akaanza upya. Akamaliza soksi zote mbili, akasuka na vigwe vya kuzifungia chini ya goti, vyenye ncha nyekundu za kuning'inia kwa nje.

Siku ya michezo, uwanja ulifurika. Zumari zililia, lakini watu wa Buckie hawakusikiliza, walitazama miguu. Fergus akarusha fimbo juu, akaidaka, akageuka kwa kishindo mbele ya waamuzi. Elspet alikuwa ameng'ang'ania mkono wa dada yake.

Soksi hazikutikisika. Miraba ilisimama sawasawa kwenye mashavu ya miguu, vigwe vikipepea.

“Zimesimama!” Nan akapiga ukelele uliovuka ngoma. “Jamani, zimesimama!”

Uwanja ukalipuka kwa vicheko na makofi. Tuzo ya mavazi ikaenda Buckie. Fergus akatoka mbio kwenye mstari, akamnyanyua Elspet juu, yeye na kofia yake.

“Niteremshe, mpumbavu wewe, utazishusha soksi!” akamfokea, machozi yakimtoka.

Kabla jua halijatua, kiongozi wa bendi ya jirani alikuwa mbele yake, amekunja suruali hadi gotini.

“Bi Elspet, nipime na mimi.”

“Wewe si ndiye uliyemwita mama yake Fergus? Kaa nyuma ya wapiga ngoma wetu. Wakiisha, nitakuona.”

Sasa anataka kiangazi kijacho bendi nzima ivae kazi yake, wapiga zumari na wapiga ngoma, kisha iende mashindano makubwa ya Glasgow.

“Nitapanda basi niwafuate,” anasema. “Nataka niwaone wakipita mbele ya umati ule. Nan atabaki na samaki wake.”

“Nani abaki?” Nan anajibu kutoka jikoni. “Kofia ya safari nimeshanunua!”