Majura na Kengele ya Ng'ombe kwenye Boti ya Umeme

Majura ametutoka jana asubuhi, baada ya kuumwa siku chache tu. Nimeshika simu mara mbili nimpigie yeye mwenyewe aniambie kama ni kweli. Jamani!

Kwa msiomjua: fundi wa boti hapa Mwanza, mzaliwa wa Nansio, kule kisiwani. Ndiye aliyeng'oa injini ya petroli kwenye boti yetu ya abiria akafunga mota ya umeme na betri. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kila test niliiandika kwenye diary: tarehe, upepo, chaji iliyobaki.

Safari ya kwanza tuliondoka kimya kabisa. Mama mmoja mwenye ndoo za dagaa akapiga kelele, "We fundi, imezima! Turudishe!"

Majura akacheka. "Mama, geuka nyuma. Mwanza inakukimbia."

Tulifika Nansio vizuri, ila gatini hapakuwa na mtu. Watu wa kule hufunga mizigo wakishasikia injini inanguruma. Sisi hawakutusikia. Tukarudi na boti tupu, siku hiyo na siku zilizofuata.

Tajiri wetu akatoa deadline: abiria wasipopatikana hadi mwisho wa mwezi, injini ya petroli inarudi.

Majura hakubishana naye. Alikwenda mnadani Kisesa akarudi na kengele ya ng'ombe, akaifunga mbele ya boti. Nikamtania, "Fundi, sasa unatupeleka malishoni?"

Akasema, "Msukuma hapotezi ng'ombe mwenye kengele. Na mimi sipotezi abiria."

Tulipokaribia Nansio aliipiga tangu mbali. Watu wakatoka majumbani kuangalia ng'ombe gani huyo anatokea ziwani, wakaikuta boti. Kesho yake walikuja na mizigo.

Diary yangu ya mwisho wa mwezi ule inasema: "Viti vyote vimejaa. Chaji imetosha. Majura ametokwa machozi, anasema ni moshi. Boti hii haina moshi."

Injini ya petroli haikurudi. Mafundi waliotucheka walikuja mmoja mmoja kuuliza, na Majura aliwafunulia kila waya. Hakumficha mtu kitu. Nilijivunia kumshikia spana.

Kesho tunakupeleka nyumbani Nansio, Majura, kwa boti yako. Betri nimezikagua mara mbili, kama ulivyonifundisha.

Lala kwa amani, fundi wangu. Kengele nitaipiga mimi, tangu mbali, mama yako ajue umefika.