Mkono Nilioufunga

Usiku ule nililala na hasira zangu. Jioni kocha wa mpira wa kikapu alikuja mpaka barazani kwangu kuniambia kwamba mjukuu wangu Hawa, niliyemlea tangu mama yake afe, ana mkono mmoja.

"Bibi, anadunda mpira kwa mkono wa kulia tu. Wakimbana kwenye kona hana pa kutokea. Jumamosi nachagua timu. Akibaki hivi, simchukui."

Nikamwambia, "Hawa anawapiga chenga wavulana wa mtaa mzima, wewe unanihesabia mikono!" Akaaga. Nikajitupa kitandani.

Mara niko uwanjani na gauni langu la kulalia, mpira mkononi. Mistari ya chokaa inanyanyuka kwenye saruji, inakuwa kuta. Niko kwenye kona. Nadunda, mpira unaruka hadi kidevuni. Nikitaka kugeukia kushoto, ukuta unasogea. Nikapiga kelele, sauti haikutoka.

Akaja Mwanaidi, binti yangu, mama yake Hawa. Yuko kaburini mwaka wa kumi na tatu huu, lakini alikuja na raba miguuni na filimbi shingoni. Hakunisalimu.

"Mama, unaupiga kofi. Usukume kwa vidole. Kunja magoti, mpira usipite kiuno. Na macho yatoe kwenye mpira, niangalie mimi."

Nikamwangalia. Mpira ukatulia kama kuku aliyekamatwa.

"Sasa hamishia kushoto."

Natazama: mkono wangu wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kipande cha kanga. Nauvuta, fundo linakaza.

"Nani kaufunga?"

Kuta zinakuwa za jikoni kwangu. Hawa ana miaka mitatu, yuko mkekani mbele ya sahani ya wali, na mkono wake wa kushoto nimeufunga kwa kanga ile ile. Mtoto wa nyumba yangu hali kwa mkono wa chooni, watu wasije wakanicheka. Analia. Nami nasema: kula.

"Mimi," nikamjibu Mwanaidi.

"Nilimzaa wa kushoto, mama. Mfungue mwanangu."

Nikaamka, mkono umekufa ganzi chini ya ubavu. Alfajiri ilikuwa inaadhiniwa. Hawa alikuwa uani anawasha jiko.

"Lete mpira," nikamwambia. "Mkono wa kulia weka mgongoni."

"Bibi, umeota nini leo?"

"Nimemwota mama yako. Lete mpira, mke mwenza, usinicheleweshe."

Akacheka. "Na ule wa kushoto si ulisema wa chooni?"

"Nilisema. Nilikosea."

Neno hilo hata marehemu babu yake hakuwahi kulisikia kinywani mwangu, na aliniomba sana. Hawa akaacha kucheka. Akaweka mkono wa kulia mgongoni, akaanza kwa ule mwingine. Mpira ukamponyoka, ukaangusha sufuria, ukakimbilia kwenye banda la bata.

Zimebaki siku nne kufika Jumamosi. Akaufuata.