Viboko kwenye Grafiki ya Kiringye

Mtoto wangu wa mwisho, ambaye namwita mama sababu alichukua jina la mama yangu, alirudi Bwegera Jumapili moja na ordinateri, kompyuta yake, mgongoni na macho yamevimba kwa kulia. Mwalimu wake wa Uvira alikuwa amemrudishia kazi ya kumaliza masomo. Alimwambia: mistari yako inapanda na kushuka, lakini haisemi kwa nini. Andika sababu ndani ya kila grafiki, ulete Jumatatu. Ukichelewa, utangoja mwaka mwingine.

Grafiki mimi nilikuwa siijui. Akanifungulia, nikaona viboksi vitatu vimepangwa kama madirisha ya nyumba moja, ndani ya kila kimoja mstari. Cha kwanza ni mavuno ya mpunga ya Kamanyola, shamba la mjomba wake. Cha pili, shamba letu la Bwegera. Cha tatu, Kiringye, shamba la bibi yangu wa sasa, ambaye miaka ile ya grafiki hakuwa mke wangu bado. Mama yake mtoto alikuwa amefariki zamani, nami nilikuwa najipikia mwenyewe, vibaya sana. Ugali wangu hata mbwa alikuwa anaufikiria kwanza.

Basi mtoto akaandika sababu tatu. Kamanyola: mfereji ulivunjika. Bwegera: viboko walikula. Kiringye: mavuno mazuri. Akabonyeza. Mashini ikachukua maneno yote matatu ikayarundika ndani ya kiboksi cha Kiringye, moja juu ya lingine, na vile viwili vikabaki bubu.

"Weye mashini, minye nilikufanyia nini?" akasema mtoto.

Bibi yangu alikuwa anakaanga ndagala pale karibu. Yeye shule alifika mbali kunishinda. Akainama na mwiko mkononi, akasoma.

"Viboko? Kwangu? Ule mwaka nilivuna kuliko miaka yote! Muntu gani alikuambia uongo huo?"

"Hapana, mama mudogo, ni ya Bwegera. Mashini imekosea fasi. Papa ndiye aliniambia viboko."

"Viboko Bwegera?" Bibi akanigeukia polepole. "Shamba iko mbali na mto Ruzizi vile, walipanda gari?"

"Ndagala zinaungua," nikasema.

"Wacha ziungue."

Mtoto alihangaika na mashini yake mpaka akaelewa. Usipoitajia kiboksi, inaandika kwenye kile ilichochora mwisho. Ni kama kugawa chakula umefumba macho: aliyekaa karibu na sufuria anapata yote. Akakiita kila kiboksi kwa namba yake, akakipa neno lake, na maneno yakakaa. Lakini sasa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi kwangu. Neno la viboko lilisimama pale pale mstari wetu unapoanguka, na kwenye kiboksi cha jirani, msimu ule ule, mstari wa Kiringye unapanda kama muntu anayekimbia mvua.

"Papa," akasema mtoto, "mwalimu ataniuliza. Hawa viboko walitoka wapi?"

Nikaona nitamharibia masomo. Nikasema: hapakuwa na viboko, mama. Ni ndege.

Mpunga ukianza kukomaa, lazima muntu ashinde shambani tangu asubuhi, anavuta kamba ya makopo na kupiga kelele. Msimu ule nilipiga kelele sana. Lakini Kiringye. Nilikuwa nimepita tu kutafuta mbegu, nikamkuta mwanamke anafukuza ndege peke yake, sauti imemkauka. Nikasema nimsaidie siku moja. Siku ikawa wiki tatu. Niliporudi kwangu, ndege walikuwa wamemaliza. Mtoto alikuwa Uvira shuleni, nikamtumia habari ya viboko, sababu kiboko ni mnyama mwenye heshima. Nani anataka kusema alishindwa na kandege?

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Na minye nilifikiri huyu mzee hana shamba!"

Mtoto hakucheka. Alifuta viboko. Bwegera akaandika: ndege, shamba halikuwa na mlinzi. Kiringye akaandika: walinzi wawili. Akayasogeza juu kidogo yasifunike mstari. Kesho yake alipanda gari la kwanza.

Siku ya kutetea kazi yake tulikwenda sisi wawili, tukakaa benchi la nyuma. Mwalimu akaweka kidole kwenye kiboksi cha pili.

"Na mlinzi wa Bwegera alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwenye grafiki ya tatu, mwalimu," akasema mtoto, akatuonyesha kwa mkono.

Chumba kizima kikageuka. Mwalimu alinitazama, akamtazama bibi, akacheka, akaandika kwenye karatasi yake. Walimpitisha siku ile ile. Lakini hayo niliyajua baadaye; wakati ule mimi nilikuwa nimesimama, kofia mkononi. Mwalimu akikutazama, unasimama. Bibi akanivuta kwa shati nikae.