Tulipoondokewa na mtani wetu: msimu wa mwisho wa vichekesho vyetu Same, enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam. Wa rika langu shikamooni, kama bado mpo. Wengine wote marahaba, maana nakaribia tisini na humu ndani sioni wa kunizidi.

Kisa hiki kilinigharimu kundi la vichekesho na mchumba. Nimehesabu mara mbili, hakuna cha tatu. Kisa ni changu mwenyewe, sikuhadithiwa, na sina faida ya kuongopa katika umri huu.

Mods, naomba msiuunganishe na ule uzi wa utani wa makabila. Ule ni wa kuchekesha.

Twende.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa kijana pale Same, nanunua na kuuza chochote kilichokuwa na bei mbili. Kiangazi, mahindi yakishavunwa na watu wa mkonge wakishalipwa, niliendesha kundi la vichekesho. Tulikuwa watatu.

Mimi nilikaa mlangoni na kutangaza. Zefania, Mpare mwenzangu, alipiga ngoma na kuigiza wanawake wote, wazuri na wabaya. Wa tatu alikuwa Aloisi, fundi cherehani, Mchaga wa Kibosho, yaani mtani wetu sisi Wapare.

Watu walikuja kwa ajili ya Aloisi. Sisi wawili tulikuwa viti vyake.

Kichekesho chake kikubwa kiliitwa Kesi ya Mbuzi. Mzee wa Kipare mbuzi wake kaibwa na jirani, anashuka mlima kwenda kushtaki bomani, anauza ng'ombe wawili kugharamia kesi, anashinda, anarudishiwa mbuzi wake, mbuzi anafia njiani kabla hawajafika nyumbani.

Kila mtu alijua ni mzee gani. Alikuwa Mzee Sifaeli wa Mamba, bingwa wa kesi. Aloisi alichukua mwendo wake, kofia yake, hata kikohozi chake cha kabla ya kusema neno.

Na Mzee Sifaeli ndiye alikuwa baba wa Namkunda, mchumba wangu. Barua ilishapelekwa, pombe ya kwanza ilishanywewa.

Mara ya kwanza mzee kukiona kile kichekesho, mimi nilijificha nyuma ya pazia. Yeye alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Kisha akamwambia Aloisi mbele ya watu, "Wewe Mchaga, hata kaburi lako nitalishtaki."

Aloisi akamjibu, "Kwa ng'ombe gani, mzee? Si umeshawamaliza?"

Watu wakaanguka. Mzee akampa kuku. Tukaenda hivyo misimu mitatu.

Halafu ikaja kampuni moja ya sabuni na lori lenye kipaza sauti. Walitafuta mchekeshaji wa kuzunguka nao kuanzia Tanga kupanda huku juu. Wakamwona Aloisi. Nilimwita tuongee, nikamtajia nitakachomwongezea. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka bila kuwepo watazamaji.

Akaondoka na cherehani yake.

Msimu wa nne tukaanzia Lembeni, karibu na stesheni. Zefania akaigiza mke mlevi, watu wakapiga miayo. Wakaanza kudai Kesi ya Mbuzi. Zefania aliniambia pembeni, "Hicho tukiache. Mwenyewe kaondoka nacho."

Mimi niliona ni maneno ya mvivu. Kichekesho nilikijua chote, nilishakisikia mara nyingi kuliko sala. Nikavaa kofia nikakicheza. Wasafiri wa treni walicheka kidogo. Nikaona biashara bado ipo.

(Hapa vijana mnielewe. Mtani anaweza kukuita mchawi msibani kwako na ukamkaribisha chakula. Maneno hayohayo akiyasema asiye mtani, ni kesi. Nililijua hilo tangu utotoni. Ila nilidhani kwenye jukwaa halifuatwi, kwa kuwa pale ni mchezo.)

Wiki iliyofuata tulikuwa Same, mchana wa siku ya mnada. Mzee Sifaeli alikuwa mbele kabisa, kaja kutoka Mamba na kigoda chake.

Nikatoka na kofia. Nikakohoa kile kikohozi.

Nilichosikia ni mbuzi wa mnadani, wale wa kweli.

Nikadhani nimekohoa kidogo, nikarudia kwa nguvu. Mzee akasimama, akabeba kigoda chake. Akauliza taratibu, "Yule alikuwa mtani wangu. Wewe ni nani wangu?"

Mimi nikajibu kwa heshima zote, "Mkweo, baba."

Uwanja mzima ukapasuka. Ndicho kicheko pekee tulichopata siku ile, na hakikuwa kwenye mchezo.

Kundi likafia hapohapo. Zefania aliacha ngoma kwangu, akaenda kukata mkonge.

Wazee wa Mamba wakakaa. Faini: kondoo watatu na mtungi wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa. Nikitoa, mzee ananisamehe na uchumba unaendelea.

Sasa wakuu, Mpare gani analipa bei ya kwanza?

Nikamtuma mjomba, mshenga wangu, akawaombe wapunguze. Akapanda Mamba, akarudi na jibu la kondoo wawili. Nikamtuma tena. Kondoo nilikuwa nao, lakini nilitaka kutoa mmoja. Niliona nikikubali watatu leo, mahari nitapigwa bei mpaka nife.

Namkunda alishuka Same na mama yake mdogo kununua chumvi. Akanikuta dukani, akasema bila kuniangalia, "Lipa. Kila kondoo unayempunguza, nyumbani wanasema unanipunguza mimi."

Nikamwambia avumilie, bei inashuka.

Vuli ilipoanza, mjomba alirudi amelowa. Akaniambia mzee amekubali kondoo mmoja, na dengelua kaifuta. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nikamuuliza amelainikaje ghafla.

Mjomba akakamua koti lake. "Hana tena cha kukukasirikia. Namkunda ameshaozwa. Kamchukua mwalimu wa Usangi."

Kondoo sikumpeleka. Nilisema wa nini tena.

Kiangazi kilichofuata lile lori la sabuni likafika Same, na Aloisi juu yake. Akacheza Kesi ya Mbuzi, safari hii mbuzi akifa anaoshwa kwa sabuni ya kampuni. Mzee Sifaeli alikuwa mbele, anafuta machozi. Alinunua vipande viwili. Mimi nilisimama mbali, sikununua.

Maisha yakaenda. Nikaoa, nikazaa. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikijua kisa hiki na akikitumia kila nikibishana bei sokoni.

Kwa nini naandika leo?

Namkunda ni mjane wa siku nyingi, karudi kwao Mamba, na sasa hainuki kitandani. Natamani kwenda kumsabahi. Mdogo wake ndiye mwenye mji, naye anatembelea fimbo kama mimi. Nilipotuma salamu akajibu kwamba mlango uko wazi, ila faini ya baba yao haikufutwa, kondoo mmoja kama tulivyokubaliana.

Jumatatu nilikwenda mnadani nikachagua watatu. Muuzaji akataja bei. Nikampa. Yeye ndiye aliyehesabu mara mbili, akaniuliza kama naumwa.

Wenye kujua mila za kwetu, hasa watu wa Mamba, naombeni ushauri. Nikifika na kondoo watatu pale ninapodaiwa mmoja, yeye kule kitandani ataelewa? Au wataona namfanyia utani, na mimi si mtani wao?

Kondoo wako uani kwangu. Majibu ya haraka tafadhali, mwili wake hausubiri.