Mafungu Matatu ya Viazi

Harufu ya viazi vilivyotoka tu shambani, bado vina udongo mbichi, mpaka leo hunifanya nisitulie. Wajukuu huuliza, "Cucu, mbona unasimama-simama?" Nawaambia wamenye viazi, waache maneno. Lakini ninyi nitawaambia.

Uhuru ulikuwa bado mpya, nasi tulikaa Mweiga. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na baba hakuwa amesema kama nami nitapelekwa. Kaka zangu walikwisha kushonewa kaptura za shule. Mimi niliingia jikoni, nikatoka, nikaenda zizini bila sababu. Ng'ombe akaniangalia tu.

Jumamosi akaja mjomba Gachanja, kaka ya mama, aliyeandika gazetini. Siasa hakuandika. Aliandika kwa nini watu hupanga foleni, au kwa nini tunamwogopa mtu anayenyamaza. Ati falsafa. Siku moja baba alimkuta amesimama akitazama kuku akinywa maji, akacheka wiki nzima.

Tulikuwa uani tukichagua viazi. Vikubwa vya kuuza, vya kadiri vya kula, vile vidogo vya mbegu. Mjomba akachuchumaa karibu na baba.

"Shemeji, unataka kuvuna vikubwa, mbona unapanda vidogo?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Hiyo najua. Nauliza kwa nini."

"Baba yangu alipanda vidogo. Wewe uliza, mimi nijaze gunia, tuone nani atakula."

Mama alicheka mpaka akafunika mdomo kwa leso. Mjomba naye alicheka. Kisha akaninyooshea mkono uliokuwa na kiazi.

"Na huyu Nyambura, umemweka fungu gani?"

Baba aliokota kiazi, akakigeuza, akakirudisha palepale. Nilingoja mjomba aseme tu, "Mpeleke shule." Hakusema. Alimaliza uji wake, akarudi zake Nyeri.

Jumatatu nilibaki kuchunga ng'ombe. Nilimkasirikia yule mtu miaka mingi. Niliona maswali yake ni mchezo wa walioshiba. Angeniombea, si kuniulizia mbele ya watu kama bei ya kitu.

Msimu uliofuata baba alipanda viazi vikubwa mistari miwili, pale pembeni, bila kumwambia mtu. Wakati wa kuvuna alisimama hapo, jembe begani, mpaka mama akamwita tena na tena. Na mdogo wangu Wairimu alipofikia umri, ni baba mwenyewe aliyemshika mkono akampeleka shule. Mama akauliza ng'ombe watachungwa na nani.

"Kwani mimi sina miguu?"

Wairimu ndiye aliyenifundisha kuandika haya mnayosoma. Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba mjomba aliondoka, lakini swali lake lilibaki uani, likamnyima baba usingizi. Kwangu lilichelewa, na sitasema haliniumi. Ndiyo maana viazi vikishachaguliwa siwezi kukaa. Husimama, nikatazama yale mafungu, nikauliza tena.