Pini Sita au Nane

Nilikuwa naunga kompyuta yangu ya kwanza nyumbani kwetu Chanika, nianze kuhariri video za harusi. Kilichobaki kilikuwa pawa saplai, kile kiboksi cha kuigawia kompyuta umeme, nikaifuata asubuhi Korogwe, mji wa jirani. Muuzaji aliniwekea mbili mezani. Moja iliandikwa wati mia saba, nyingine mia tano, lakini hiyo ya mia tano ndiyo nzito na ndiyo ghali. Sikuelewa.

"Kadi yako ya picha inataka waya wa pini sita au nane?" akaniuliza.

Hata sikujua kama kadi inachomekwa waya. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Hebu itazame ile kadi yenye feni, pembeni ina matundu mangapi?"

"Marahaba. Mbona ina matundu mwili mzima? Unataka yapi?"

Tulielekezana mpaka tukachanganyikiwa wote, akaniuliza jina la duka, akakata simu. Kumbe alikuwa ameamua kupanda basi. Mchana akaingia dukani, kadi kaifunga kwenye kanga.

Muuzaji akajaribu nyaya. Ile nyepesi haikuwa na waya wa kuitosha kadi. Ile nzito ikaingia bila shida.

"Si hii hapa!" mama akasema.

Muuzaji akatueleza kwa nini wati za kwenye boksi si za kuaminiwa sana. Nikaitikia, mama naye akaitikia. Kwenye basi la kurudi nikamuuliza kama ameelewa.

"Mimi? Nilidhani umeelewa wewe."

Jioni ile kompyuta iliwaka. Sababu ya ile ya wati chache kuwa ndiyo bora bado inanichanganya.